Safari ya Vitabu Vinane Hadi Dagoretti

Sababu ya kuondoka kwangu Uthiru Jumamosi ile ilikuwa chumba kimoja kidogo. Mwalimu Nekesa, anayefundisha shule ya Jumapili katika kanisa moja huko Dagoretti, alitaka chumba cha nyuma kiwe maktaba ya watoto. Kwaya nayo ilikitaka ili ihifadhi ngoma na kinanda chake. Wazee wa kanisa wakaamua hivi: watoto wapewe vitabu siku moja, wakivipenda, chumba ni chao, wasipovipenda, ni cha kwaya. Nami niliahidi kuvileta, tena nikaapa kwamba sitampelekea mtoto kitabu nisichokisoma mwenyewe.

Saa mbili asubuhi nilikuwa katikati ya jiji. Muuzaji wa vitabu vya mitumba, ambaye huvipanga juu ya turubai kando ya barabara, alikuwa ameniwekea vitabu vinane vya picha. Kwa wiki tatu nilikuwa nimevisoma pale pale, nimechuchumaa, kila jioni.

"Leo unabeba kweli, ama umekuja kunisomea bure tena?"

"Leo ninavibeba, mzee."

"Asante Mungu. Wateja walikuwa wanakuogopa, wakidhani wewe ni kanjo, askari wa jiji."

Kipindi hicho nilikuwa nimesoma pia riwaya mbili. Ya kwanza, ya muuguzi anayekataa kutia sahihi ripoti ya uongo, niliistahi sana, ingawa nilitamani mwandishi amruhusu acheke walau mara moja. Ya pili, ya ndugu watatu wanaogombania shamba la mama yao, iliniudhi hadi nikampigia simu kaka yangu bila sababu. Vitabu vya watoto nilivipima kwa mizani hiyo hiyo, nikitafuta maudhui na funzo kama tulivyofundishwa kuvisoma vitabu teule shuleni. Kuku anayetaga ndani ya sufuria alinifurahisha, kwa kuwa alikuwa na msimamo. Kitabu cha mvua, kisicho na neno hata moja, sikukiona kuwa na funzo lolote. Nilikiweka chini kabisa.

Saa nne nilifika Hurlingham kwa miguu. Binamu yangu Mwende, mhudumu wa mapokezi katika ofisi moja ya huko, alikuwa ameniwekea bunda la karatasi za kaki. Kila aliyesoma shule za kwetu anajua kwamba kitabu kisichovishwa kaki wiki ya kwanza ya muhula humletea mwenyewe adhabu. Tulivivisha vyote, kona zikakunjwa sawasawa, nami nikaandika majina ya vitabu kwa kalamu nyeusi.

"Hata hii ya mvua unaifunika? Si picha ndiyo iko hapo nje?"

"Tunakilinda, Mwende."

"Haya, profesa. Linda."

Saa saba, nikiwa nimepanda bodaboda, nilipita soko la Dagoretti, moshi wa nyama ukanisindikiza hadi mlangoni mwa kanisa. Watoto wapatao ishirini walikuwa wameketi mkekani. Nilivipanga vitabu mbele yao. Hakuna aliyenyoosha mkono. Msichana wa miaka kama saba, Sharon, ndiye aliyethubutu kusema.

"Ticha, tutaulizwa maswali?"

"La, ni vya kusoma tu."

"Ndiyo. Halafu tuulizwe."

Wawili wakaomba kwenda msalani, wala hawakurudi. Watano wakafuata. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa amesimama mlangoni, ngoma begani.

"Mwalimu, msiharakishe. Sisi tutangoja tu hapa nje."

Mwalimu Nekesa aliinua kitabu kimoja, akakigeuza mbele na nyuma. "Ndugu yangu, wewe ulivisoma vikiwa vimevaa hivi?"

"Hapana."

"Sasa hawa watajuaje kuna nini ndani? Vivue!"

Niliona aibu. Nilizirarua kaki zote mwenyewe. Kuku na sufuria yake wakatokea, na mvua ikatokea, buluu tupu, juu ya paa la mabati. Sharon alikinyakua kile nilichokidharau.

"Mama anaanua nguo! Ona, hapa panavuja, wameweka beseni, kama kwetu!"

Nilikuwa nimekisoma mara tatu bila kuliona beseni lile. Waliotoroka wakarudi mbio. Mwenyekiti wa kwaya alichungulia juu ya vichwa vyao.

"Na mbona ameacha soksi moja kwenye kamba?"

"Si amepigiwa simu!" akajibu Sharon, wote wakaangua kicheko. Mwenyekiti alicheka, kisha akamtazama Mwalimu Nekesa. "Basi. Ngoma italala kwangu."

Saa kumi na moja niliaga. Niliomba kukiazima kitabu cha mvua hadi kesho yake, kwa kuwa sasa nilitaka kukisoma kweli.

"Kimeshachukuliwa na Sharon," alisema Mwalimu Nekesa, akifungua daftari jipya. "Baada yake ni Brian. Nikuandike?"

Njiani kuelekea Uthiru nilikiri moyoni kwamba nilikuwa nimevisoma vitabu vile kwa niaba ya watoto, nikadhani hawakubakiwa na kazi ila kupokea. Kumbe nusu ya kitabu cha mvua ilikuwa kwao Sharon, wala nisingeipata popote pengine. Nilitembea mikono mitupu, nimeridhika, nikiwa wa tatu katika foleni.