Fundo Moja ya Liège

Enzi yetu, batoto bangu, safari haikupangwa na telefone. Mama yangu alikuwa anaipanga kwa kona ya kikwembe, ile kitenge ya kujifunga.

Vakansi ya masomo ikifika, mimi na mudogo wangu Roza tunatumwa Tchomia kwa tate, ni kusema mama ya Mama. Kutoka hapa Bunia, kwa miguu! Mama anashika kikwembe yangu, anafunga fundo mbili: moja ya shangazi kule Bogoro, nusu ya njia, ingine ya tate. Hapana kufungua weye. Mwenye nyumba anakupatia maji, anakulisha, anakulaza, na asubui ya kutoka ni yeye anafungua fundo yake. Ukirudi na fundo, Mama anajua ulipita mulango ya muntu bila kuingia. "Muntu ukimupita mulangoni," alikuwa anasema, "umemutukana na mudomo ya kufungwa."

Ah, ile njia! Vumbi mpaka kwa kope, mapera mabichi ya kuumiza tumbo, nyimbo za kanisa tunaimba na maneno ya kwetu. Ukimaliza Bogoro, unaona ziwa chini kule, na harufu ya samaki ya moshi inapanda mulima kukupokea mbele tate hajakuona.

Shida ilikuwa shangazi. Sauti yake ilikuwa kama ya kinu: "Mumekuya kula, eee? Muchague maharagi kwanza!" Na maharagi yenyewe ni mufuko muzima. Basi siku moja, karibu na Bogoro, Roza anakaa kwa jiwe, anavuta kikwembe yangu, anafungua fundo na meno. Tss! "Ya dada," anasema, na kale kasauti kake ka mbuzi, "shangazi amekwisha kufungua. Tupite." Tukapita nyuma ya migomba, migongo imepinda kama bibi bazee. Kumbe shangazi alisikia tunakuya, alichinja kuku, alikaa kwa njia mpaka jua linaingia. Shangazi akatuma neno, na Mama alipojua, alituregesha Bogoro kuchagua maharagi siku tatu. Shangazi hakutupiga. Alisema tu: "Kuku yenu nilikula peke yangu. Haikushuka." Hii neno iliniuma kuliko fimbo.

Sasa Roza iko Liège, kule Beljika. Tuliachana nywele yake ingali nyeusi. Mwaka huu visa ikatoka, na mujukuu wangu Nadège, yeye atanisindikiza, akapanga safari. Majuma matatu macho kwa telefone! Batoto ba leo, njia yote banaibeba mufukoni, lakini ukibatuma kununua chumvi banapotea. Akanisomea, na ile Kifaransa yake ya kutokea puani: "Tate, siku sita! Bruxelles mbili, Bruges moja, Gand moja, Anvers moja, Liège moja."

Nikahesabu na vidole. Roza usiku moja. Tena ya mwisho!

"Na kule Gand, nani ananingojea?"

"Hakuna muntu, tate. Ni oteli. Banakupatia ufunguo tu."

Kosa ilikuwa yangu: nilijivuna kanisani kama nitaona Beljika yote, mpaka bamama banaanza kuniita Madame Bruxelles. Nikisema, navunja roho ya mutoto. Nikinyamaza, napita tena mulango ya muntu, na mara hii ni ya mudogo wangu. Miaka yangu hii, safari ya pili haiko. Nikasukuma pembeni sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Nadège ananiuliza: "Tate, unaogopa ndege?" Ndege gani!

Siku ya Mungu, kiisha ibada, Roza akapiga telefone. Nadège anamusomea programu, kifua mbele. Halafu ile kasauti ka mbuzi, imezeeka lakini ni ileile:

"Mutoto, unafikiri hii inchi ni Kongo? Asubui unapanda treni hapa, unaenda kuona bahari kule inchi inaisha, magaribi uko kwangu unakula bugali. Mutabeba mavalizi ya nguo kila siku sababu gani? Mulale kwangu, siku zote sita. Bruges haitakimbia."

Nikangoja Nadège akasirike. Akaangalia telefone, akaangalia miye, akapumua kama muntu ametua mufuko ya makala ya kupikia.

"Tate, nilikuwa silali! Nilijiuliza nitakupandisha namna gani kwa ngazi za treni na valizi tano. Lakini weye ulisema unataka yote!"

Tukacheka mpaka machozi. Ile siku nilikula sombe ya bantu babili.

Enzi yetu tulikuwa na miguu tu, lakini kila mahali kulikuwa muntu amekaa kwa njia anakungojea. Leo oteli iko kila mahali. Na ile njia ya Bogoro, nani atatuma batoto babili peke yao leo? Toka vita ipite kule, milango mingi haina tena muntu wa kufungua fundo.

Lakini jana nimechukua kikwembe yangu ya safari. Nadège anacheka: "Tate, fundo mu ndege?" Ndiyo, mu ndege. Roza naye anauliza ku telefone: "Ya dada, umefunga ngapi?"

"Moja. Na utaifungua asubui ya mwisho, si mbele!"

Nimeikaza na nguvu yangu yote. Hata Roza akitaka haraka, meno hana tena.