Chale za Chuma na Nanasi la Fomeni

Siku ya kwanza kazini nilivaa suti ya kijivu niliyoshonewa Ujerumani Mashariki, tai nyekundu na viatu ambavyo vumbi la Shinyanga lilivibadilisha rangi kabla sijafika getini. Nilikuwa na haki ya kuvaa hivyo. Nilizaliwa Ushirombo katika nyumba ya nyasi, mapadri wakanifikisha darasa la nane, nikafagia vyuma katika karakana ya mgodi wa dhahabu kule Geita mpaka mgodi ulipofungwa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nafasi ya kwenda ng'ambo niliipata kwa mtihani, na mwanzoni mwa miaka ya sabini nikarudi na stashahada ya ukerezaji wa vyuma yenye muhuri mwekundu. Nadhani mkoa mzima nilikuwa peke yangu mwenye karatasi ya namna ile.

Nilipangiwa karakana ya kinu cha kuchambulia pamba, jineri kama wengi walivyokiita. Mkuu wa karakana aliitwa Fomeni, jina la cheo chake. Nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu hata mke wake alimwita hivyo. Alikuwa Msukuma mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyelima kwa majembe ya ng'ombe tangu utotoni, na kazi alijifunza kwa fundi wa Kihindi kabla ya Uhuru.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza kama nimekuja kukagua. Nikamwambia nimekuja kazini. Akaitazama tai yangu kwa muda mrefu.

"Tai na mashine inayozunguka havipikiki chungu kimoja, ngosha," akasema, akiniita mwanamume kwa Kisukuma. "Ivue kabla haijakuvuta."

Nikaivua. Sijavaa tai tena ndani ya karakana.

Ninyi vijana mnaosoma haya mmezoea mashine za kubonyeza vitufe, kwa hiyo nieleze. Mashine ya kukereza hufanya kinyume cha seremala: kisu kinatulia na kitu kinachochongwa ndicho kinachozunguka. Unakibana chuma kwenye taya, kinazunguka, nawe unakisogeza kisu kidogo kidogo kwa gurudumu la mkono mpaka chuma kiwe mviringo na kipimo unachotaka. Mafundi wengi wanaishia hapo. Mimi nilikuja na jambo la zaidi, nalo ni zile alama ndogo ndogo za msalaba mnazoziona kwenye mishiko ya vifaa, zinazozuia mkono usiteleze. Mimi niliziita chale, na kwa kweli hakuna jina linalofaa zaidi.

Kifaa chake kina magurudumu mawili madogo ya chuma kigumu, kila moja na meno yake, moja yameinamia kulia na jingine kushoto. Unayakandamiza kwenye chuma kinachozunguka, na mistari inapopishana huacha vichwa vidogo vya pembe nne, maelfu, vyote sawasawa. Watu hudhani chuma kinakatwa. Hakikatwi. Kinasukumwa, kikazama hapa na kuinuka pale, kama ngozi ya mtu aliyechanjwa na kupona. Kwa hiyo chuma chenye chale huwa kinene kuliko kilivyokuwa mwanzo. Shikeni jambo hilo, nitalirudia.

Siri yenyewe iko kwenye mzunguko wa kwanza. Chuma kikimaliza kuzunguka mara moja, meno lazima yaangukie kwenye njia zake yenyewe. Yakikosea, yanachora njia za pili katikati ya zile za kwanza, na badala ya chale unapata ukurutu. Hapo hakuna kurudia. Kila mara nilipiga hesabu ya unene kwanza, nikakandamiza kwa nguvu tangu mguso wa kwanza, maana mwenye woga ndiye anayeharibu, kisha nikazungusha taya kwa mkono na kuangalia. Mafuta yanamiminwa bila kukoma na brashi inaondoa vumbi la chuma.

Kazi ya kwanza aliyonipa Fomeni ilikuwa mpini wa mashine ya kushindilia marobota. Alitaka mpini laini uliosuguliwa kwa msasa hadi ung'ae. Nikamletea wenye chale kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaugeuza juani, akawaita wenzake.

"Nimemwomba mpini," akawaambia, "Mjerumani kaniletea nanasi."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa Fundi Nanasi. Lakini kilichoniuma ni walichofanya baadaye. Kwetu, mpini wa kitu chochote cha maana huvishwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Unaifunga ikiwa na maji, inakauka na kukaza kama imezaliwa pale. Ni sawa kwa upinde na fimbo ya kuchungia. Wale watu wakaenda kuvisha ngozi juu ya chale zangu. Ndani ya jineri kila kitu kina mafuta ya mbegu za pamba, ngozi ikayanywa, na mpini ukawa unateleza kama kambare. Nikaikata ngozi kwa kisu. Kesho yake nikakuta mpya. Nikaikata tena. Tuliendelea hivyo msimu mzima, bila mtu kusema neno, na Fomeni kila akipita aliupapasa ule mpini na kuguna.

Baadaye nilihamishiwa Geita, karakana ya maji, chini ya Mhandisi wa Wilaya, mtu mpole aliyejua kuniachia nafasi. Huko chale zangu zilipata wateja wa kweli. Wachimba visima, na wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakijitafutia riziki upande wa Katoro na Kharumwa, walivuta ndoo na watu kutoka chini ya duara, yaani shimo la mgodi, kwa roli la mti, gogo la kuzungushia kamba, lenye mpini wa chuma. Mikono yao ilikuwa na tope wakati wote. Ukiponyokwa na mpini, aliye chini ndiye anayelipa. Nikawapigia mipini yenye chale nene, na ikasemwa kwamba mpini wa Mjerumani unang'ata mkono na haukuachii. Hakuna aliyeuvisha ngozi. Nilitamani Fomeni angekuwepo aone.

Niliitwa kurudi jineri mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya baada ya vita, ambayo wazee wenzangu hawaisahau: sabuni ilikuwa ya kutafuta, dizeli ya kubembeleza, na vipuri vilibaki hadithi. Nilimkuta Fomeni amebakiza msimu mmoja astaafu. Meneja alikuwa mpya, kijana msafi, mwenye haraka.

Na katikati ya msimu huo shafti ya puli kuu, yaani mhimili wa chuma unaoibeba, ikaliwa mahali beringi inapokaa. Beringi, ile pete ya gololi inayobeba shafti, ilikuwa imelegea ikazunguka juu yake mpaka chuma kikapungua, na puli ikaanza kuruka. Puli kuu ndiyo iliyovuta mikanda ya mashine zote za kuchambulia. Ikisimama, jineri yote imesimama.

Maghala yalijaa, malori yakaacha kuchukua pamba vijijini, na vituo vya kununulia vikafunga mizani. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mama yangu alinitumia salamu kutoka Ushirombo kwa dereva wa lori. Pamba yake ya mwaka mzima ilikuwa imejaa chumba cha kulala, yeye analala juu yake, kuku wanatagia ndani yake, na paa linavuja. Alisema niambiwe hivi: kama kweli nilikwenda kwa Wazungu kujifunza vyuma, basi mvua isimkute na pamba ndani.

Meneja aliagiza shafti Dar es Salaam. Wakamjibu asubiri meli. Kuichomelea hatukuweza, kwa kuwa vijiti vya kuchomelea havikuwepo, na moto ungeipinda. Nikamfuata ofisini, Fomeni akiwepo, nikasema nitaipiga chale.

Meneja alidhani natania. Nikamweleza kwamba chale huinua chuma, na shafti iliyopungua ikiinuliwa itaijaza tena beringi.

"Chale ni za mishiko ya mikono," akasema. "Vile vichwa vitalala beringi ikikaa juu yake."

"Vikiwa vyembamba na vya karibu karibu havitalala. Na beringi nitaichemsha kwenye mafuta itanuke, niivishe ikiwa ya moto. Ikipoa itakaza."

"Na ukikosea?"

Nikikosea, shafti ile ilikuwa imekwisha kabisa, na hakukuwa na nyingine hata ya kubahatishia msimu. Meneja akamgeukia mkuu wa karakana.

"Fomeni, karakana ni yako. Shafti ikiharibika nitaandika jina lako, si la huyu. Na umebakiza msimu mmoja upate kiinua mgongo chako. Unasemaje?"

Fomeni alitazama mikono yake. Nilitegemea nanasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa nanasi.

"Mimi nitashika mafuta," akasema.

Akatoka nje kwenda kutafuta brashi.

Tuliifanya asubuhi kukiwa na mwanga mzuri. Shafti ilikuwa ndefu kuliko mtu, ikaingia kwenye mashine kwa shida. Kwanza niliikereza mahali pale ili iwe mviringo safi, maana ilikuwa imeliwa upande mmoja. Hilo lilimaanisha kuipunguza zaidi, na Meneja alipoona naipunguza shafti ambayo ugonjwa wake ni kupungua, alishika kichwa na kutoka nje. Wafanyakazi wote wa jineri walikuwa mlangoni. Hakuna aliyecheka.

Nikapiga hesabu, nikapima kwa maikromita, nikapima tena. Nikayakandamiza magurudumu kwenye ukingo kwa nguvu zangu zote, nikazungusha taya kwa mkono, polepole, mzunguko mmoja. Sasa ilibidi kuangalia kama meno yameangukia njia zake. Nikainama. Jasho likaniingia machoni, sikuona kitu. Nadhani hata bila jasho nisingeona.

Fomeni akaweka chini kopo la mafuta. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, taratibu, akiwa amefumba macho, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

"Zimefuata," akasema. "Endelea, fundi."

Hakuwa amewahi kuniita fundi bila kuongeza nanasi.

Nikawasha mashine. Magurudumu yakasafiri, mafuta yakamiminika, chuma kikainuka. Zilikuwa chale nzuri kuliko zote nilizopata kupiga, nyembamba kama za kwenye shavu la bibi harusi, na ilikuwa bahati mbaya zifichwe ndani ya beringi asizione mtu. Nikazipunguza vichwa kidogo kufikia kipimo, tukachemsha beringi kwenye sufuria la mafuta, tukaivisha ya moto. Ilipopoa, mwanamume mwenye nguvu kuliko wote pale alijaribu kuisogeza akashindwa. Mchana huo mikanda ikazunguka. Malori yakaondoka kwenda vijijini, na la Ushirombo nililipanda mimi mwenyewe. Mama aliniangalia, akaangalia mawingu, akasema, "Wabeja, ng'wanangu," yaani asante, mwanangu, kisha akaniambia nianze kubeba.

Shafti ile ilimaliza msimu. Mpya ilifika Fomeni akiwa ameshastaafu na kurudi kwao Segese. Ile ya zamani ilipotupwa uani, nikaiokota, nikakata kipande, nikakikereza kikawa mshiko wa bakora. Nikakipiga chale, nikakitia kwenye mti wa mpingo, nikampelekea.

Alikuwa ameketi na jamaa zake kwenye kivuli cha ghala la mtama. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Niliogopa kidogo alipoipokea, maana mezani kando yake kulikuwa na kipande cha ngozi mbichi kimelowekwa kwa ajili ya mpini wa jembe. Aliugeuza ule mshiko juani kama siku ya kwanza.

"Hii sitaivisha ngozi," akasema. Halafu akawageukia jamaa zake: "Mnaliona nanasi hili? Ndani yake kuna pamba ya mkoa mzima."

Nami nikastaafu miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nikiwa Fomeni katika kiti chake kile kile. Nimejenga Katoro, nyumba ya tofali na bati, kwa jasho langu. Nimefundisha mafundi ambao leo wana karakana zao, na nikipita mtaani wananiamkia kutoka ndani ya kelele za mashine. Kazi hii imenipa heshima kuliko suti yoyote. Kama kuna kijana anayesoma haya na anadharau kuvaa ovaroli, ajue kwamba mimi nilitoka kwenye ufagio.

Bakora ya Fomeni ninayo mimi. Watoto wake waliileta baada ya mazishi, wakasema mzee aliagiza irudi kwa aliyeichanja. Chale zake zimekwisha upande mmoja, mahali alipokuwa akiweka kidole gumba. Pamekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Juzi mwanafunzi wangu mmoja, mwenye mashine nzuri kuliko zote hapa Katoro, aliiona, akataka kuichukua azipige upya zote. Katika maisha yangu sijawahi kuacha mshiko uliokwisha makali urudi kazini. Nikamwambia aiache. Kidole gumba changu kinatulia pale pale.