Kamera Aliyoinunua Bhoke

Mwikwabe alipozikwa, mwaka wa tisini na nne, watu wa Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, walisema mpiga picha wao amekwenda. Hakuna aliyekumbuka kwamba picha zile, kwa miaka kumi na tisa, zilioshwa na mkewe. Mwikwabe walimwona: koti, kofia, kamera ya mbao yenye miguu mitatu, na kitambaa cheusi alichojifunika kichwani kama mtu aliyeshikwa na mvua. Bhoke aliyekaa kwenye kibanda cha giza, vidole vimebabuka kwa dawa, akigeuzageuza karatasi kwenye karai mpaka sura ya mtu ijitokeze, huyo hawakumwona.

Kamera yenyewe ilitoka Homa Bay, kwa Mhindi mmoja aliyefunga studio yake akahama. Hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Sanduku la mbao nyekundu, kifua cha ngozi kinachovutwa na kukunjwa, na nyuma yake kioo chenye ukungu ambamo watu huonekana miguu juu, kichwa chini. Filamu zake zilikuwa pana kama kiganja, na zilipopotea madukani Mwikwabe akawa anakata karatasi ya picha na kuitia mahali pake. Vijana wenye vikamera vidogo walipeleka filamu zao Kisii, mteja akangoja wiki nzima. Mwikwabe alikupa picha kabla chai yako haijapoa. Na mchimba dhahabu hangoji wiki. Leo yuko juu, kesho shimo limemfunika.

Bhoke hakuzaa mvulana. Mabinti zake watatu, Nyarangi na wadogo zake, waliolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime. Basi matanga yalipokwisha, wanaume wa ukoo waliketi wakagawana vitu vya marehemu. Mmoja alichukua kigoda, mwingine baiskeli. Kamera ikamwangukia Magige, mdogo wa Mwikwabe, ambaye hakuwahi kuishika ila kuitoa uani mvua ikinyesha.

"Shemeji," Bhoke alimwambia, "hiyo niachie. Ndiyo inanilisha."

"Inakulisha? Tangu lini mwanamke akapiga picha? Ukijifunika kile kitambaa, wateja watatazama kioo au watatazama mgongo wako?"

Wanaume walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe. Magige akaongeza, sasa bila kucheka, "Nikisikia umeigusa, nitaipasua iwe kuni."

Aliitupa kwenye dari ya jiko, kuku wakaifanya kiota. Bhoke akaenda kuosha mchanga wa dhahabu pamoja na wanawake wengine, mgongo umepinda kutwa, kwa chembe ambazo hata chawa angezibeba. Miaka miwili alizikusanya kwenye kopo la dawa ya kikohozi. Ndipo aliposikia kwamba Magige anatafuta mtu wa kuinunua kamera.

Pesa alikuwa nazo. Lakini hakuweza kwenda kuinunua yeye mwenyewe. Katika boma lile, mjane anayemlipa shemeji yake kwa kitu cha mumewe ni kama amesimama sokoni akamwita mwizi. Wazee wangemtoza mbuzi, na Magige angechukua shoka. Ilibidi inunuliwe kwa mkono wa mtu mwingine.

Alimchagua Benard Mochama, Mkisii aliyeuza mitumba pale Masara. Mochama alikuwa Msabato wa kweli, hanywi, havuti, Jumamosi hafungui kibanda hata mteja alie machozi. Bhoke alikuwa akimfulia mkewe Orpah nguo. Alimpelekea Mochama kopo lake likiwa limefungwa kwenye leso.

"Nunua kama yako," alimwambia. "Halafu unipe. Nitaondoka nayo, nikafanye kazi Uriri ambako hakuna anayenijua."

"Dada, mbele za Mungu," Mochama alisema, "mimi ni mkono wako tu."

Siku ya kuuziana walikutana kwa mzee wa kijiji, Elkana. Magige alitaka maandishi, asije mtu kesho akasema aliiba. Mochama akaandika, maana ndiye mwenye mwandiko mzuri. Kisha Elkana akasema panahitajika shahidi kutoka nyumba ya marehemu, na Bhoke akaitwa.

Alikuja mbio akifuta mikono. Moyoni alifurahi. Aliona bahati imemjia yenyewe: kusoma hakujua, lakini kidole chake kitakuwa kwenye karatasi ile, na atakayeuliza kesho kamera ni ya nani ataonyeshwa hicho. Mochama alimpaka wino wa kalamu kwenye dole gumba.

"Bonyeza vizuri, shemeji," Magige alisema. "Hiyo ndiyo picha yako ya mwisho."

Akabonyeza vizuri.

Jioni ile alikwenda kuchukua kamera yake. Mochama akamwambia angoje kidogo, Magige bado yuko macho. Wiki iliyofuata akamwambia miguu ya kamera inatengenezwa. Wiki ya tatu Bhoke alikuta kibanda cha mitumba kitupu, na jirani akamwambia Msabato amehamia Homa Bay, kafungua studio.

Alirudi kwa Elkana, akamwomba amsomee ile karatasi. Elkana alivaa miwani akasoma polepole kwamba Benard Mochama amenunua kamera kwa Magige, na kwamba Bhoke, mjane, ameshuhudia na hana dai lolote juu yake.

"Jina langu liko wapi?"

"Nimekusomea. Hapa chini. Shahidi."

"Mzee, pesa zilikuwa zangu."

Elkana alivua miwani. "Nani alikuona ukimpa?"

"Hakuna."

"Basi ungeniambia mapema, Mama Nyarangi. Ulinificha hata mimi. Nikiliitia baraza jambo hili, jambo la kwanza Magige atakalosikia ni kwamba ulimzunguka. Kamera hutaipata, na boma utafukuzwa. Unataka niite?"

Bhoke aliitazama alama ya kidole chake. Ilikuwa imetoka vizuri sana, kila mstari unaonekana.

"Usiite," alisema.

Nauli ya kwenda Homa Bay aliiazima. Studio haikuwa ngumu kuipata, ilikuwa nyuma ya soko la samaki, kamera imesimama mlangoni, imepakwa mafuta inang'aa. Orpah alipomwona aliingia ndani upesi. Mochama alikuwa mezani na lundo la picha mbele yake, zote nyeusi tititi, na mwalimu mmoja akimdai arudishiwe chake.

"Dada!" Mochama alisema mwalimu alipoondoka. "Mungu amekuleta."

"Nipe kamera yangu."

"Keti kwanza. Sikukudhulumu mimi. Ungeiweka wapi? Magige angeipasua, ulisema mwenyewe. Huku iko salama. Wewe fanya kazi, nitakulipa, na watoto wangu watakuita shangazi."

Alisema haya kwa sauti ileile ya upole, wala hakuangalia pembeni. Hilo ndilo lililomkata Bhoke maini, kwamba aliamini anayoyasema.

Alisimama aende zake. Aende wapi? Na hapo akaingia bibi mmoja muuza samaki, amejifunga leso mpya, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kuuliza. "Nyathina," alimwambia Bhoke kama mtu anayesema na mwanawe, "nipige, lakini usinifanye mweusi kuliko nilivyo. Huyu bwana alinitoa kama sufuria."

Kiti kilikuwa kimekaa vibaya, jua liko nyuma yake. Mkono wa Bhoke ukakisogeza. Halafu akajifunika kitambaa, akamwona bibi yule juu chini kwenye kioo, akafungua mfuniko wa jicho la kamera, akahesabu kwa Kikuria, lugha yao, kama alivyomsikia Mwikwabe akihesabu miaka yote, akafunga. Alipoiosha, picha ilitoka safi. Bibi aliicheka sura yake mwenyewe mpaka akaketi chini.

Bhoke akabaki. Alilala stoo pamoja na magunia ya mitumba. Mochama alikuwa mtu wa akili, alinunua daftari.

"Jua kama hili, umehesabu ngapi?"

Bhoke alimwambia.

"Na kukiwa na mawingu? Na mtu akivaa nyeupe?"

Alimwambia. Alijua kinachoendelea. Angeweza kumdanganya, lakini siku aliyodanganya picha iliharibika na mteja akamzomea yeye, si Mochama, na siku hiyo hakulipwa. Daftari likazidi kujaa. Kila hesabu iliyokuwa kichwani mwake ikahamia humo, ikawa mistari asiyoweza kuisoma.

Mwezi wake wa tatu pale, Jumapili moja ya wateja wengi, Mochama alipiga picha sita peke yake na zote sita zikatoka. Alizianika kwenye kamba, akazitazama kwa muda mrefu.

"Dada," alisema, "kesho upumzike."

"Na kesho kutwa?"

Lakini mteja mwingine alikuwa amekwisha kuketi, ameambiwa asitikisike, na Mochama ameshaingia chini ya kitambaa. Bhoke alisikia anahesabu. Alihesabu kwa Kikuria, polepole, bila kukosea hata moja.