Jibu la Rubani Kabla ya Kuruka

Sheria ya kazi yetu ilikuwa fupi, na nilikuwa nimeikariri mpaka naiota. Rubani akisema kabla ya kuruka kwamba hayuko sawa, anapumzika siku hiyo bila lawama. Akisema yuko sawa, kisha vihisi alivyofungwa mwilini vikaonyesha vingine angani, anahesabiwa ameficha na anaondolewa kazini. Mwenye kumuuliza nilikuwa mimi, niliyemaliza chuo miezi minne tu nyuma.

Tulikuwa tunahesabu ng'ombe na sheshe, wale swala wa bondeni, kwa ndege ndogo iliyoruka kutoka Ifakara. Rubani alikuwa wa rika la baba yangu. Kila asubuhi nilimfunga mkanda wa vihisi kifuani na mwingine mkononi. Mapigo ya moyo na jasho lake vilinifikia kwenye kishikwambi kwa rangi: kijani, njano, nyekundu.

Asubuhi hiyo nilimwamkia, akaitikia.

"Habari za asubuhi, mzee?"

"Nzuri."

Nikabonyeza "nzuri" kwenye fomu ya afya yake, ikajifunga. Nilimwona bado kinywa kiko wazi, lakini mwongozo ulisema tusipige soga na rubani, soga hubadilisha mapigo. Nikamshukuru, nikainamia vifungo vya mkanda. Mimi niliyekulia Michenga, ambako hata mfiwa hujibu "nzuri" kwanza ndipo aseme nani amefariki, sikumsubiri.

Angani nilikaa kando yake. Nyuma walikaa wenzetu wawili wa kuhesabu, kila mmoja na dirisha lake. Tulipofika juu ya Mofu rangi ikawa njano, kisha nyekundu. Nikafikiri mkanda umelegea. Nikafikiri ni joto. Nikafikiri ni mimi, kwamba anaona ninavyomkodolea macho. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa kwenye usukani, na hilo likanitisha zaidi.

"Kapteni, kona yetu tumeipita," akasema wa dirisha la kushoto. "Au leo unatupeleka Malinyi tukale samaki?"

Mwenzake akacheka. Rubani hakucheka, wala hakugeuza ndege. Chini yetu mashamba ya mpunga yalikwisha, yakaanza maji.

"Mzee, hali yako?" nikauliza.

"Nzuri."

Safari hii nilimsubiri amalize.

"Ila binti yangu yuko chumba cha upasuaji tangu alfajiri. Uzazi umekuwa mgumu. Nilitaka kukwambia pale chini."

"Turudi, mzee."

"Nikirudi na hiyo nyekundu yako, unajua maana yake?"

"Najua."

Akageuza. Kiwanjani tulikuta mbuzi katikati ya njia. Akapita chini kuwatimua, akazunguka, akatua. Alivua mikanda, akaenda pembeni na simu yake.

Simu yangu nayo ikaita. Alikuwa bosi, mtambo ulikuwa umeshamwonyesha ile nyekundu.

"Alisema nzuri, naiona hapa," akasema. "Basi ameficha."

Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Nikamfikiria mama, alivyowatangazia majirani kazi yangu. Nikafikiri pia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua, maana rubani mwenyewe hakuwa ameona nilichobonyeza.

"Hakuficha," nikasema. "Alikuwa bado anajibu. Mimi ndiye niliyefunga fomu."

"Unaelewa unajiandikia nini hapo?"

"Ndiyo."

"Haya, andika. Utume sasa hivi."

Niliandika nimechuchumaa kivulini chini ya bawa, nikifuta kila sentensi mara mbili. Rubani akarudi.

"Bado hawajamtoa," akasema. "Wewe unaandika nini?"

Nikampa kishikwambi. Alisoma polepole, akarudia mwanzo.

"Saa umekosea. Uliniuliza saa kumi na mbili na robo."

Nikarekebisha, nikatuma. Mjukuu wake alizaliwa asubuhi ile ile, na binti alitoka salama. Rubani alirudishwa kwenye ndege baada ya siku mbili za mapumziko, nami wiki iliyofuata nikapokea barua ya onyo. Nimeisoma mara nyingi kuliko cheti changu cha chuo.