Mtu Aliyepiga Hodi Mgongoni Mwangu

Winchi hakuwahi kunigusa kabla ya kupiga hodi. Sisemi hodi ya mlangoni, hiyo kila mtu huipiga. Nasema hodi ya mwilini. Alikuwa akisimama kando ya kitanda changu, anasugua viganja mpaka vipate joto, kisha anasema, "Hodi, mgongo."

Mimi najibu, "Karibu."

Hapo ndipo anapitisha mkono chini yangu na kunigeuza.

"Hodi, kwapa."

"Karibu."

"Hodi, huko kusikotajwa."

"Pita upesi, mwenyewe hapendi wageni."

Tunacheka, na kicheko kikiisha, kazi ile ya aibu nayo imekwisha. Aliyepata kuvuliwa nguo na mtu baki kila asubuhi ataelewa ninachosema. Asiyeelewa namwombea asijue kamwe.

Nilikuwa fundi mwashi. Jukwaa lilikatika nikiwa ghorofa ya tatu, nikashuka kabla ya saa ya kushuka. Miguu haikuamka tena. Mikono inanitii nusunusu: kijiko naweza, sufuria siwezi. Daktari aliniambia nina bahati, maana haja ikinibana bado naisikia. Nilimshukuru, lakini kuisikia ni jambo moja na kufika chooni ni jambo lingine. Naishi kwa dada yangu mkubwa, ambaye ni mshonaji, na asipokwenda kwenye cherehani yake hatuli. Kwa hiyo kuanzia asubuhi mpaka arudi, mwili wangu unahitaji mikono ya mtu mwingine.

Mikono hiyo huletwa na shirika. Kabla ya Winchi walipita wengi. Mmoja alinigeuza kama gunia huku akiongea na simu. Mwingine alikuwa mwema sana, ila kila akiniogesha alilia, mpaka nikawa mimi ndiye wa kumbembeleza. Kisha akaja huyu, mtu mpana, sauti ndogo, kiuno amekifunga kitambaa kizito ili mgongo usimteguke. Alininyanyua kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu peke yake, taratibu, hata maji ya kwenye kikombe changu hayakumwagika. Dada alikuwa anavaa viatu mlangoni. Akasema, "Huyu si mtu, ni winchi." Jina likamganda.

Kazi hii alijifunzia kwa mama yake, aliyelala kitandani kwa ugonjwa mpaka mwisho wa maisha yake. Hodi ilianzia huko. Mama alikuwa mkali, akamwambia, "Mimi ni mama yako hata nikiwa uchi. Ukitaka kunishika, bisha." Akawa anabisha, na hakuacha tena.

Mimi si msemaji. Shule niliishia ya msingi, na hata huko nilikuwa nikikaa nyuma nisiulizwe. Lakini haya nayasema, maana yamenikaba.

Shirika lilimwita Winchi "mhudumu wa kujitolea." Walimlipa, lakini hawakutaka yaitwe malipo. Waliita posho. Kwa posho hiyo alihudumia nyumba tatu, akitembea kwa miguu kutoka moja hadi nyingine, kwa sababu nauli haikuwamo. Nikiugua nikalazwa, posho yake ilikatwa siku hizo, kwa hoja kwamba niko mikononi mwa hospitali. Na bado alikuja wodini kunigeuza, maana wauguzi wawili hawawezi kugeuza wodi nzima.

Upande wa pili wa barabara yetu kuna ghala la saruji. Mpakiaji wa pale hupata kwa wiki alichopata Winchi kwa mwezi. Jambo hili lilininyima usingizi. Nimebeba saruji ujana wangu wote, leo mfuko wake unalipiwa kubebwa vizuri kuliko mimi. Na mfuko hauogeshwi, haulishwi, hauna aibu, na ukiangushwa kidogo hakuna anayelia.

Majirani walikuwa wakimwambia, "Mwanangu, Mungu atakulipa." Dada alichoka siku moja, akawajibu kupitia dirishani, "Mungu ana deni lake na atalilipa. Hili ni lenu, msimsukumie!"

Basi asubuhi moja Winchi akaja amechelewa. Akanishika mgongo kwa mikono ya baridi, bila neno.

Nikamwambia, "Leo mgongo haujapigiwa hodi."

Akasimama. "Nisamehe, fundi. Nimesahau mambo ya milango."

"Milango gani?"

Akajaribu kucheka. "Kwangu siku hizi wageni hawasumbuki kubisha. Mwenye nyumba kang'oa mlango. Kasema nikilipa kodi ataurudisha. Mke wangu katundika shuka."

Mtu aliyebisha hodi kwenye kwapa langu, kwake hapakuwa na pa kubisha.

"Nenda ofisini uwaambie," nikasema.

"Tulikwenda wahudumu wote, wiki iliyopita. Mkurugenzi katusikiliza vizuri, kisha kasema hii ni kazi ya wito, anayeona haimtoshi mlango uko wazi." Akatikisa kichwa. "Nikataka kumwomba huo mlango wake ulio wazi, nikaupachike kwangu."

Tulicheka kidogo. Kisha akaniambia lile alilokuwa amelibeba tangu barabarani: msimamizi wa ghala amekubali kumchukua mwisho wa mwezi.

"Ningekwenda zamani," akasema. "Lakini kila nikitaka kuondoka nakuona wewe umelala pale, unataka kugeuzwa. Nitakuachaje, fundi?"

Hapo nikaelewa, na hasira ikanipanda. Kumbe chambo nilikuwa mimi. Walijua kwamba mtu mwenye utu hawezi kumwacha mwenzake ndani ya nguo zilizolowa, hata asipolipwa. Waliuchukua mwili wangu wakauweka kwenye ndoana, wakawanasa Winchi na wenzake. Wala si kwamba walisahau kuwalipa. Walihesabu huruma yao kuwa sehemu ya mshahara.

Jioni nilimweleza dada. Alikuwa anatoa nyuzi zilizomshika kwenye gauni.

"Sasa utafanya nini?" akauliza.

"Nitafanya nini mimi? Siwezi hata kuinuka."

"Usiinuke. Nenda hivyo hivyo. Nikusukume mpaka ofisini kwa huyo mama mkurugenzi, nikuache hapo siku nzima. Mikono si anayo? Akugeuze yeye."

"Dada! Mbele ya watu?"

"Mdogo wangu, wewe kwenye shida huna aibu, unaoga mbele ya mtu baki. Aibu yako yote umeiwekea haki."

Sikulala vizuri. Kwangu mimi, kuliko kumwomba mwanamke nisiyemjua anipeleke chooni, afadhali kuanguka tena kutoka ghorofa ya tatu. Lakini asubuhi nilimwambia dada anipe chai, na baada ya chai maji, na baada ya maji chai nyingine. Winchi tulimwambia abaki kwake, asije akaonekana ndiye aliyetutuma, akafukuzwa kabla mwezi haujaisha.

Dada alinisukuma hadi ofisini kwa mkurugenzi, akafunga breki ya kiti changu, akasema, "Shikamoo, mama. Mtu wenu huyu hapa. Mhudumu hajaja leo, na mimi nina nguo za watu. Nitamfuata jioni." Akaondoka, viatu vyake vikilia kwenye korido yote.

Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo, mtulivu, miwani imening'inia kifuani. "Karibu, kaka," akasema. "Kwa nini mhudumu wako hajaja?"

"Kwake hakuna mlango," nikasema. Kisha nikatazama sakafu.

Akaendelea na kazi zake. Mimi nikakaa. Chai ikaanza kushuka. Nikavumilia mpaka jasho likanitoka, si kwa ushujaa, ni kwa sababu ulimi ulikataa. Mwishowe nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Mama, nataka choo."

"Nini, kaka?"

"Choo!" Ilitoka kama kelele. Huko nje mashine ya kuchapa ikanyamaza.

Akainuka akamwita dereva. Dereva alikuwa amekwenda kujaza mafuta. Akamwita mlinzi. Mlinzi, mzee mkavu, akachungulia, akanitazama, akamtazama bosi wake. "Mama, mimi nimeajiriwa kulinda geti," akasema kwa heshima. "Hiyo kazi ina wenyewe." Akarudi getini kwake.

Sasa nilikuwa nikingoja aone kinyaa. Nilitaka ashindwe. Nilitaka ashike pua, anishike vibaya, aombe msaada, ili nimwambie, unaona? Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo usiku kucha.

Hakushindwa.

Alivua saa akaitia mfukoni. Akakunja mikono ya gauni. Akanisukuma hadi chooni, ambacho, kwa ofisi ya watu wasiotembea, kina ngazi mbili. Akaegemeza magoti yake kwenye magoti yangu, akapitisha mikono chini ya kwapa zangu, akaniambia niegemeze kidevu begani kwake, akaninyanyua kwa pumzi moja. Hakuniumiza popote. Alinishika, alinifungua, alinisubiri huku ameangalia pembeni, alinisafisha, alinirudisha kitini na kuninyoosha suruali isije ikanikata mapajani. Kitu kimoja tu kilikosekana. Hakupiga hodi.

Alipokuwa akinawa nilimwona amejishika kiuno.

"Kazi hii uliifanya wapi?" nikamuuliza.

"Wodi ya mifupa. Nilikuwa muuguzi, miaka mingi kabla ya hapa."

"Walikupa posho?"

Akafunga bomba. "Mshahara."

"Na huo mgongo?"

Akatabasamu kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao. "Ndio ulionitoa wodini, kaka. Kazi ile inavunja mtu."

Wahenga husema mzigo wa mwenzio kanda la usufi, na mimi nilikuja pale nikidhani huo ndio ugonjwa wake, kwamba hajawahi kuuinua mzigo na kwa hiyo anauona mwepesi. Asiyejua husamehewa. Huyu alijua kilo zake! Uliuvunja mgongo wake mwenyewe. Akalipwa kwa huo mgongo, kisha akaketi kwenye kiti kizuri akawaambia wengine ni wito.

Sijapata kumpigia mtu kelele maishani mwangu. Siku hiyo nilipiga. "Kwa hiyo unajua! Unajua inavunja mtu, na unamlipa Winchi robo ya mbeba saruji! Mgongo wako ulikuwa wa mshahara, wake ni wa nini? Wa kujitolea? Sema basi, mama, sasa hivi umefanya kazi au umefanya wito?"

Watu walijaa mlangoni. Yeye alivaa saa yake polepole.

"Fedha za shirika zina mipaka," akasema. "Nitalipeleka kwenye kikao."

Mchana alinipeleka tena. Safari hii alikuwa mwekundu wa macho. Jioni dada alikuja kunichukua. "Ulisema?" akauliza. Nikamwambia nilisema. Akanisukuma nyumbani akiimba.

Mwezi ukaisha. Kikao hakikukaa. Winchi akavuka barabara akaenda ghalani, na wenzake wawili wakamfuata. Shirika likaniletea kijana mgeni wa kazi, akajitahidi, akaona posho, akaacha. Akaja mwingine anayekuja akipenda. Mgongoni nimetoka kidonda. Dada anakisafisha asubuhi na jioni, na katikati ya hapo nakilalia.

Leo Jumapili Winchi amekuja. Nimemjua kabla hajaingia, kwa harufu ya saruji ambayo maishani sitaisahau. Ameniambia mlango umerudi, na una kufuli jipya. Kisha amejifunga kitambaa chake kiunoni, amechota maji ndoo nzima, amesugua viganja.

"Leo nakuogesha mimi, fundi. Bure kabisa, udugu tu. Hodi, mgongo."

Mungu anajua nilivyoitaka mikono ile.

"Mgongo umelala?"

"Haujalala," nikasema. "Umekusikia. Lakini leo wewe ni mgeni, na mgeni hukaa kitini."

"Unanifukuza?"

"Nani amekufukuza? Dada anakuletea chai. Ila ukinigusa bure, yule mama atasema, si mnaona, hata wakiondoka wanarudi wenyewe, wanafanya kwa moyo. Na huyu anayekuja baada yako atang'olewa mlango kama wewe."

Akasimama na ndoo yake. "Dada kaniambia una kidonda."

"Ninacho."

"Acha nikitazame tu."

"Atakitazama mkurugenzi kesho. Si muuguzi yule?"

Amekaa kitini, mikono mikubwa imelala magotini haina kazi, amekunywa chai kikombe kimoja bila utani wowote. Ameondoka akiwa ameudhika, nami sikumlaumu. Maji ya ndoo yamepoa palepale.

Kesho narudi ofisini, na safari hii wenzangu wawili wa viti vya magurudumu, wale aliokuwa akiwahudumia Winchi, wamesema watakuja. Dada amemaliza kunibadilisha kitambaa cha kidonda, ameuliza kama nibakishiwe chai ya asubuhi.

Nimemwambia aweke birika zima.