Siku ya Maziko, Liste Inasema Nilikuwa Darasani

Profesa wetu wa agronomie, masomo ya kilimo, ku Butembo, alikuwa na tabia yake. Saa mbili kamili anafunga mulango na funguo, anatia funguo mu mufuko wa koti, kisha anapitisha liste, karatasi ya majina yetu. Kila mutu anatia sahihi. Ukikosa mara tatu, examen hapana, hufanyi mtihani. Alipitaka kati ya bancs akisema, "Mimi sina huruma, niko na liste." Banafunzi banacheka. Na mimi nilichekaka.

Ile liste tuliitafutia dawa: mwenzako akikosa, unamutilia sahihi. Jirani yangu wa banc, tulikaa kiti kimoja, mutoto wa Kimemi, pale pale Butembo, nilimutilia kila malaria ilipomulaza. Mimi ni mutu wa Mbau, mbali, kule ngambo ya Beni. Nilikuwa nimekosa mara mbili sababu barabara ilifungwa.

Kisha bakaua mama yangu ku shamba. Batu ba mapanga. Majina yabo sijui mpaka leo, na sijaona mukubwa anayeyatafuta. Nikaenda kumuzika. Ilikuwa mercredi, Jumatano, siku ya cours yake, somo lake.

Nilipotoka ku matanga, nikaenda moja kwa moja mbele ya profesa, darasa lote linasikia. Sikuuliza jirani yangu kwanza kama alinitilia sahihi. Hilo ni kosa langu. Ningenyamaza tu, ningefanya examen.

"Profesa, mercredi sikuwa hapa. Nilikuwa nazika mama yangu."

Akafungua liste, akapitisha kidole.

"Mais uko hapa! Sahihi yako hii." Akageukia banafunzi. "Mumuone huyu! Anazika mama Mbau na anafuata cours Butembo, saa ile ile. Hata Yesu hakufanya hiyo!"

Bakacheka. Nikaangalia jirani yangu. Yeye alikuwa anaangalia kalamu yake.

"Donc, monsieur, chagua. Kama hukuwa hapa, taja mwenye kukutilia sahihi, anafukuzwa leo. Kama ulikuwa hapa, hiyo matanga ni bongo, ni uongo wako."

Nilingoja. Nilimupa jirani yangu wakati wa kusimama, wakati mingi. Hakusimama.

"Nilikuwa hapa," nikasema.

"Bien. Siku ile nilifundisha nini?"

Sikujua. Akaandika zero, na kando yake: fraude, udanganyifu. Mwenye fraude anafukuzwa. Akatoa funguo mu koti, akanifungulia mulango yeye mwenyewe, polepole, kama mwenye adabu. Masomo yangu iliishia pale.

Leo niko Beni, mu Mulekera, natembeza taxi moto, pikipiki ya kubeba batu, na mvi inanijaa kichwa. Jirani yangu ni asistenti mu shule ile ile, na banasema naye anafunga mulango na funguo. Mwaka uliopita alikuja Beni, akapanda moto yangu bila kunitambua. Alipotambua sauti yangu, tulikuwa tumefika.

"Ndugu yangu," akasema, "pole kwa mambo ya mama."

"Mama gani?" nikamujibu. "Ile mercredi nilikuwa darasani. Wewe ndiye uliandika."