Mikono ya Mkwe

Mdomo wangu una kasi, mwenyewe nakiri. Wodini kwetu Geita wananiita nesi mkali, na zamani nilikuwa najisifia jina hilo.

Siku moja, saa sita mchana, aliletwa mama mmoja mzee. Aliyemleta ni mkwewe, mume wa binti yake, mchimbaji, suruali imejaa vumbi la karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Mapafu ya mama yalikuwa yamechoshwa na moshi wa miaka mingi wa kupikia kwa miti ya pamba. Nilimwekea mpira wa oksijeni puani, lakini kila nikimkalisha anateleza, analala chali, pumzi zinambana. Kitanda cha kunyanyua kichwa kilikuwa na mgonjwa mwingine, na wodi nzima nilikuwa peke yangu.

Mkwe alisimama nje ya mlango, kageuzia uso ukutani.

"Wewe! Njoo umshike mama, umwegemeze kifuani kwako."

"Sista, huyu ni mama mkwe wangu."

Jamani, mimi ni Msukuma wa Mhunze! Najua fika kwamba mtu hamgusi mama mkwe wake, hata njiani anampisha. Kaka yangu mwenyewe alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba asikutane na mama mkwe wake. Lakini nilikuwa nimechoka, njaa inauma, nikafoka watu wote wakisikia: "Hapa hakuna ukwe, hapa ni hospitali! Unataka afe kwa ajili ya aibu yako?"

Akaja. Akamshika huku amefumba macho. Mama akajifunika uso kwa kanga. Kipimo cha oksijeni kidoleni kikapanda, nami nikaondoka zangu kifua mbele. Sikufikiria kuviringisha mablanketi nikamwekea mgongoni. Sikufikiria hata kumwomba mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa anauguza mwanawe na amekaa tu. Najuta mpaka leo.

Asubuhi yake mama akakataa uji, akakataa dawa, akataka kurudi kwake. Nikambembeleza kwa Kisukuma, nikamwita mayu, mama yangu. Hakunitazama. Akaweka dole gumba kwenye fomu ya kukataa matibabu, akaondoka.

Miezi kadhaa baadaye, nilipopangiwa kliniki ya watoto, akaja binti mmoja kutoka Ushirombo na mtoto anayekohoa. Katika kuulizana habari akaniambia mama yake alifariki, pumzi zilimbana siku tatu. Mara ya kwanza alipougua, binti alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, ikabidi mume wake ampeleke hospitali.

"Hapa hapa kwenu," akasema. "Alipozidiwa tena nikamsihi turudi. Akagoma kabisa. Akasema, 'Tukirudi, yule nesi atamwita tena mkwe wangu.'"

Nilikuwa nimemfunua mtoto kifua, nahesabu pumzi zake. Hesabu ikanipotea.

"Bado yupo yule nesi?" akaniuliza.

"Alihama," nikamwambia, nikaanza kuhesabu upya.